Kompany: Beki Aliyeshusha Timu Daraja Alifikaje Bayern?

Mei 11, 2024, Burnley walifungwa 2-1 na Tottenham jijini London, na safari yao ya Ligi Kuu ya Uingereza ikaishia hapo. Walishuka daraja. Kocha wao alikuwa Vincent Kompany, beki wa kati wa zamani wa Manchester City. Mei 29, kabla hata wiki tatu hazijatimia, Bayern Munich wakamtangaza Kompany huyohuyo kuwa kocha wao mkuu.

Tangu siku ile swali moja linazunguka vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila Bayern wanapocheza mechi kubwa linaibuka upya: inakuwaje mtu ashushe timu daraja halafu akabidhiwe moja ya klabu kubwa kabisa duniani? Wapo wanaosema ni jina. Wapo wanaosema Pep Guardiola, kocha aliyemfundisha City, alimpigia debe. Wapo wanaosema Bayern walikosa mtu wakaokota aliyekuwepo. Kila jibu lina chembe ya ukweli, ila hata ukiyaunganisha yote bado hayaelezi kilichotokea. Ili kueleweka, inabidi kwanza tujue kazi anayofanya ni ipi, alijifunza nini alipokuwa beki, na klabu huangalia nini inapoajiri kocha.

Tuanze na kazi, maana hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapozaliwa.

Kocha mkuu ni mtu anayeongoza mazoezi, anapanga kikosi, anaamua timu icheze namna gani na anafanya mabadiliko mechi inapoendelea. Kwetu Tanzania meneja wa timu ni mtu mwingine kabisa: yeye anashughulikia safari, hoteli, leseni za wachezaji na vifaa. Waingereza wao humwita kocha mkuu meneja, kwa hiyo habari zikitafsiriwa harakaharaka unasoma kwamba Kompany aliteuliwa meneja wa Burnley, ukadhani amekaa ofisini kusaini karatasi. Alipewa timu aifundishe. Cheo hicho kilibaki kutoka enzi za akina Alex Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United, ambapo mtu mmoja alifundisha, akasajili, na akawa na kauli hata kwenye mambo ya vijana.

Siku hizi kazi hiyo imegawanywa. Yupo mkurugenzi wa michezo, ambaye ndiye anayetafuta wachezaji, anazungumza na mawakala na kupanga timu itakuwa na sura gani baada ya miaka mitatu. Pale Bayern, Max Eberl ndiye mjumbe wa bodi anayesimamia michezo, na chini yake yupo Christoph Freund. Kompany anasema anahitaji mchezaji wa aina gani. Wao ndio wanaokwenda sokoni na kujadili bei. Kwa hiyo shabiki anayemlaumu kocha kwa kila usajili, au anayemsifu kwa kila usajili, mara nyingi anamlenga mtu asiyehusika.

Hii ina maana beki aliyetundika daluga ana milango zaidi ya mmoja. Paolo Maldini, ambaye kwangu ni beki bora kuliko wote niliowahi kuwaona, hakuwahi kuwa kocha. Alirudi AC Milan kwenye uongozi, akawa mkurugenzi wa ufundi, na timu aliyosaidia kuijenga ikachukua ubingwa wa Italia mwaka 2022. Mwaka uliofuata akaondolewa. Per Mertesacker alipostaafu mwaka 2018 alikabidhiwa akademi ya Arsenal. Franz Beckenbauer yeye alipita karibu kila mlango: nahodha wa Ujerumani Magharibi iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1974, kocha wa timu iliyolitwaa mwaka 1990, kisha rais wa Bayern kwa miaka 15. Kompany amechagua mlango wa mazoezini, ambao ni mgumu kwa sababu moja kubwa: matokeo yako yanasomwa kila wiki.

Kijana wa Brussels, damu ya Bukavu

Kompany alizaliwa Aprili 10, 1986, pale Uccle, Brussels. Baba yake, Pierre Kompany, ni mzaliwa wa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Pierre alikimbilia Ubelgiji mwaka 1975 wakati wa utawala wa Mobutu, akaanza maisha upya kama mkimbizi, akaendesha teksi, akasoma uhandisi. Mwaka 2018 akachaguliwa kuwa meya wa Ganshoren, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya nchini Ubelgiji. Mama yake Vincent alikuwa Mbelgiji na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi. Naitaja familia hii kwa makusudi. Kijana aliyekulia kwenye nyumba ambayo siasa, haki za wafanyakazi na shule vilizungumzwa mezani haishangazi akiwa nahodha, na haishangazi akisoma shahada ya uzamili ya biashara huku bado anacheza. Alisoma jijini Manchester kwa miaka kadhaa, kati ya mazoezi na mechi, akamaliza mwaka 2017.

Anderlecht walimchukua akiwa mtoto wa miaka 6. Akiwa na miaka 17 alishacheza mechi ya kufuzu Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2006 akaenda Hamburg, Ujerumani, ambako aliumia sana lakini akaondoka na lugha ambayo ingekuja kumfaa baadaye. Agosti 2008 Manchester City wakamsajili, siku chache tu kabla klabu haijanunuliwa na matajiri wa Abu Dhabi. Yaani alikuwa pale kabla ya pesa. Wengine walifuata fedha. Yeye fedha zilimkuta.

Miaka 11 aliyokaa City aliichezea mechi 360. Alikuwa nahodha kuanzia mwaka 2011 na akanyanyua ubingwa wa ligi mara 4: 2012, 2014, 2018 na 2019. Timu ya taifa ya Ubelgiji aliichezea mechi 89 na alikuwemo kwenye kikosi kilichoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia la 2018.

Mabao mawili yanamweleza vizuri kuliko takwimu zote. La kwanza ni la Aprili 30, 2012, dhidi ya Manchester United: kona ya David Silva, Kompany akapanda juu ya kila mtu na kupiga kichwa, 1-0, na City wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. La pili ni la Mei 6, 2019, dhidi ya Leicester. Ubao unasoma 0-0, dakika ya 70, Liverpool wanasubiri City wateleze. Mpira unamfikia Kompany nje kidogo ya boksi, mbele yake pako wazi kwa sababu Leicester wameamua kwamba huyu hana madhara. Wenzake wanampigia kelele asipige. Akaukokota hatua chache, akapiga, mpira ukaenda kona ya juu. City wakamaliza ligi na pointi 98, Liverpool 97. Wiki chache baadaye akaondoka.

Katikati ya mabao hayo kulikuwa na jambo ambalo mashabiki wengi wamelisahau: misuli ya miguu, hasa ya mashavu ya miguu, ilimsumbua kiasi kwamba kuna misimu alikaa nje kuliko alivyokaa uwanjani. Guardiola alipofika mwaka 2016, Kompany aliutazama mfumo wake kwa muda mrefu akiwa amekaa na nguo za kawaida. Mchezaji aliyeumia ana nafasi ambayo mwenzake mzima hana: anaiona timu nzima kwa mbali, mechi baada ya mechi, bila kuhangaika na mtu wa kumkaba.

Beki akiwa kocha, timu itapaki basi?

Hapa kuna imani inayorudiwa sana: kocha aliyekuwa beki atafundisha timu kujilinda. Kwa Kompany imani hiyo haina mguu wa kusimamia. Bayern ya msimu wake wa kwanza, 2024/25, ilifunga mabao 99 katika mechi 34 za ligi. Burnley iliyopanda daraja ilifunga 87.

Fikiria kazi ya beki wa kati ilivyo. Mshambuliaji muda mwingi anapokea mpira akiwa ameupa mgongo uwanja anaopaswa kushambulia. Winga anaona upande wake. Beki wa kati ana uwanja wote mbele ya macho yake, kuanzia kiungo wake mwenyewe hadi kipa wa upande wa pili. Yeye ndiye anayepanga mstari: akipanda hatua mbili, wenzake watatu lazima wapande naye kwa sekunde ileile, la sivyo mtego wa kuotea unavunjika na mshambuliaji anabaki na kipa. Kazi hiyo haifanyiki kimya kimya. Inafanyika kwa kuongea dakika 90, kumsogeza huyu, kumrudisha yule, kumkumbusha kiungo aliyesahau mtu wake. Na kwenye timu ya Guardiola beki wa kati ndiye anayeanzisha mashambulizi, kwa hiyo anajua pia ni pasi ipi inafungua mlango na ipi inaleta balaa.

Kwa maneno mengine, beki wa kati mwenye akili anafanya sehemu ya kazi ya kocha akiwa bado anacheza. Ila ni sehemu tu. Kuona tatizo la wenzako na kuwafundisha wasilirudie ni vitu viwili, na Kompany alilijua hilo kwa njia chungu.

Msimu aliotaka kuwa vyote viwili

Mei 2019, siku moja baada ya City kuifunga Watford 6-0 kwenye fainali ya Kombe la FA, alitangaza anarudi Anderlecht kama kocha mchezaji. Kocha mchezaji ni mtu anayeifundisha timu na kuichezea kwa wakati mmoja. Zamani jambo hili lilikuwa la kawaida. Siku hizi kwenye ligi kubwa limekaribia kutoweka, na Anderlecht ya mwaka ule inaonyesha sababu.

Mechi nne za mwanzo za ligi hawakushinda hata moja. Agosti haijaisha, ikaamuliwa kwamba siku za mechi Kompany abaki kuwa mchezaji na Simon Davies, aliyekuja naye kutoka City, ashike maamuzi ya benchi. Oktoba klabu ikamleta Frank Vercauteren kuwa kocha mkuu. Ndani ya miezi michache mpango uliotangazwa kwa shangwe ulikuwa umevunjwa vipande.

Ukiwa uwanjani unamkaba mtu, huwezi kuona kwamba beki wako wa kulia amechoka. Wakati wa mapumziko unahitaji maji na barafu, na wakati huohuo wachezaji 10 wanasubiri useme nini kibadilike. Ukimweka benchi mwenzako ili ucheze wewe, kila neno lako wiki ile lina shaka ndani yake. Sioni aibu yoyote kwa Kompany hapo. Kazi mbili zilizodai akili ileile kwa saa ileile zilimshinda, kama ambavyo zingemshinda karibu kila mtu.

Kuna na suala la leseni, ambalo huwa tunalipita haraka. Hata uwe na medali kiasi gani, kwa kawaida huruhusiwi kuwa kocha mkuu wa ligi kubwa Ulaya bila leseni ya juu ya UEFA, ile inayoitwa Pro, na ngazi zake hupandwa kwa miaka: C, B, A, kisha Pro. Beckenbauer mwenyewe alipopewa timu ya taifa mwaka 1984 hakuwa na leseni, ikabidi cheo chake kipewe jina jingine. Hapa kwetu tuliona jambo la aina hiyo mwaka 2021, Simba walipolazimika kumtegemea Thierry Hitimana kwenye benchi la mechi za Afrika kwa sababu Didier Gomes hakuwa na leseni iliyotakiwa na CAF. Watu walilalamika kwamba ni urasimu. Lakini leseni ndiyo inayomlazimisha mchezaji maarufu akae darasani, apange ratiba ya mazoezi ya wiki, asahihishwe mbele ya wenzake, afundishe watoto kabla ya kufundisha wakubwa.

Agosti 2020 Kompany alistaafu kucheza, na siku hiyohiyo Anderlecht wakamrudishia kazi ya ukocha, sasa ikiwa moja tu. Msimu wa kwanza timu ilimaliza ya nne, wa pili ya tatu, na mwaka 2022 ikapoteza fainali ya Kombe la Ubelgiji kwa penalti mbele ya Gent. Hakuna kombe hata moja. Ila timu ilikuwa changa, ilimiliki mpira, na ilikuwa na sura inayotambulika. Hilo liwekwe akilini, maana ndilo lililompeleka Burnley.

Burnley: kupanda na kushuka kwa mpira uleule

Burnley ilifundishwa na Sean Dyche kwa karibu miaka 10: mipira mirefu, miili mikubwa, vita kila kona. Kompany alifika Juni 2022, timu ikiwa imetoka kushuka, akageuza kila kitu. Pasi fupi kuanzia kwa kipa, mabeki wanapanda juu, mpira ukipotea unatafutwa palepale. Msimu ule wa 2022/23 walifungwa mechi 3 tu kati ya 46, wakakusanya pointi 101, wakapanda daraja zikiwa zimebaki mechi 7. Ubingwa waliuchukulia uwanjani kwa mahasimu wao Blackburn, jambo ambalo mashabiki wa Burnley watawasimulia wajukuu.

Msimu uliofuata, Ligi Kuu: pointi 24, mabao 41 ya kufunga, 78 ya kufungwa, nafasi ya 19.

Nini kilibadilika? Kwanza, wachezaji. Nathan Tella, aliyefunga mabao 17 kwenye ligi msimu wa kupanda, alikuwa wa mkopo. Akaenda Bayer Leverkusen na kuwa bingwa wa Ujerumani. Ian Maatsen alikuwa wa Chelsea, akarudi. Taylor Harwood-Bellis alikuwa wa City, akarudi. Nafasi zao zikajazwa na vijana wengi ambao hawajawahi kuicheza Ligi Kuu, pamoja na kipa James Trafford aliyekuwa na miaka 20.

Pili, na hili ndilo zito, gharama ya kosa. Ukipiga pasi fupi mbele ya goli lako kwenye daraja la pili na ukakosea, mara nyingi mpinzani atapiga nje. Ukikosea vilevile mbele ya washambuliaji kama Haaland au Salah, ni bao. Mfumo wa Kompany unahitaji wachezaji wanaokosea kwa nadra, na wachezaji wa namna hiyo ni ghali kuliko uwezo wa Burnley. Wapo makocha ambao wangerudi nyuma, wakaweka watu 10 nyuma ya mpira na kuokoteza sare. Kompany hakufanya hivyo, au alifanya kwa kuchelewa, na naona hapo anastahili lawama. Kumtetea kwa kila kitu si kumwelewa. Kocha wa timu ndogo ana wajibu wa kupima kile wachezaji wake wanaweza kubeba, na msimu ule mzigo ulikuwa mkubwa kuliko mabega.

Sasa turudi Bayern, Mei 2024. Ni kweli hakuwa chaguo la kwanza. Xabi Alonso aliamua kubaki Leverkusen. Julian Nagelsmann alibaki na timu ya taifa ya Ujerumani. Ralf Rangnick alikataa na kubaki Austria. Anayesema Bayern walikataliwa kabla ya kumfikia Kompany anasema kweli.

Lakini kukataliwa na watu watatu hakukulazimishi kumchukua yeyote anayepita. Ona mpishi wa shughuli aliyepewa nyama kilo tano apike pilau la watu mia nne. Wageni wataondoka wakisema mpishi hajui. Aliyesimama jikoni tangu alfajiri, akaona anavyokaanga vitunguu, anavyopima maji na anavyoupangia moto, atamwita kwenye harusi ya mwanawe na kumnunulia ng'ombe mzima. Bayern walitazama jikoni. Walikuwa na Harry Kane, Jamal Musiala, Joshua Kimmich, Manuel Neuer. Walichokosa ni kocha mwenye mpira wa kushambulia, anayeongea Kijerumani, aliyewahi kuishi kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya mabingwa, na mwenye njaa. Msimamo wa ligi ulimhukumu Kompany pamoja na kikosi chake. Wao walitaka kujua yeye ni nani ukimtenganisha na kikosi kile.

Mita 40 nyuma ya mabeki

Kompany hakubadilisha falsafa alipofika Munich, na mashabiki wa Bayern wenyewe hawakumwelewa kwa miezi kadhaa. Mabeki wake wa kati husimama karibu na mstari wa katikati ya uwanja. Mbele yao kila mchezaji ana mtu wake wa kumkaba, uwanja mzima. Faida yake ni kwamba mpinzani akiutwaa mpira hana pa kupumulia. Hasara yake iko wazi: nyuma ya mabeki inabaki zaidi ya mita 40 ya nyasi tupu, na anayeilinda ni kipa peke yake.

Oktoba 2, 2024, Aston Villa waliionyesha hasara hiyo dunia nzima. Pasi moja ndefu kutoka nyuma, mshambuliaji wao Jhon Durán akaona Neuer ametoka golini, hakuutuliza hata mpira, akaubetua juu ya kichwa cha kipa. Villa 1, Bayern 0. Wiki tatu baadaye Barcelona wakawapiga 4-1, Raphinha akifunga matatu, na karibu yote yalitokana na nafasi ileile ya nyuma. Vijiweni hukumu ikatoka: ni Burnley tena.

Kilichofuata hakikupewa kelele kama zile. Bayern walicheza mechi 7 mfululizo bila kuruhusu bao, PSG wakiwa mmoja wa waliofungwa. Mstari haukurudishwa nyuma ya boksi. Kilichorekebishwa ni presha kwa mtu mwenye mpira, maana pasi ndefu ni hatari pale tu mpigaji anapokuwa na nafasi ya kuinua kichwa. Huo ni ujuzi wa beki kabisa: anajua kuwa kukimbizana na mshambuliaji ni dawa ya mwisho, na dawa ya kwanza iko mita 30 mbele, kwa yule anayetaka kupiga pasi. Burnley hawakuwa na viungo wa kufanya kazi hiyo kwa dakika 90. Bayern wanao.

Mwisho wa msimu walikuwa mabingwa kwa pointi 82, wakiwa wameruhusu mabao 32, ilhali msimu uliotangulia waliruhusu 45 na kumaliza nafasi ya tatu. Harry Kane akapata taji lake la kwanza maishani. Ligi ya Mabingwa ilikwama robo fainali kwa Inter, na Kombe la Ujerumani lilikwisha mapema mbele ya Leverkusen. Msimu uliofuata walianza kwa kushinda mechi 16 mfululizo za mashindano yote kabla ya sare ya 2-2 na Union Berlin Novemba 2025, na Oktoba ya mwaka huo walikuwa wameshamwongezea mkataba hadi 2029.

Je, jina lilimsaidia? Lilimsaidia kupata kazi ya kwanza Anderlecht, na lilimlinda alipoanguka pale. Kocha asiyejulikana asingepewa nafasi ya pili kwenye klabu ileile. Lakini jina halifundishi. Tony Adams, nahodha wa Arsenal kwa miaka mingi na beki mwenye heshima kama ya Kompany, aliichukua Granada mwaka 2017 ikiwa imebaki na mechi 7, akapoteza zote 7. Gary Neville aliingia Valencia Desemba 2015 bila kuwahi kuwa kocha mkuu popote, akafungwa 7-0 na Barcelona kwenye nusu fainali ya Kombe la Mfalme, na kabla Aprili haijafika alikuwa ameshaondolewa. Wote wawili walikuwa mabeki, wote walikuwa viongozi, wote walijua mpira. Kompany alipokuja kupewa Bayern alikuwa na misimu minne kamili ya ukocha nyuma yake, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka vikiwemo.

Na hapa nyumbani wapo waliopita njia hiyo bila kelele. Mecky Maxime alikuwa beki na nahodha wa Taifa Stars, aliichezea Mtibwa Sugar kwenye miaka yake ya dhahabu, kisha akabaki Turiani kuifundisha klabu ileile kabla ya kwenda Kagera Sugar. Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga, amekaa kwenye mabenchi ya ligi yetu miaka na miaka. Mara nyingi tunawajadili siku wanapofukuzwa tu. Timu zao zinacheza mpira gani, mstari wao wa mabeki unasimama wapi, walipewa wachezaji wa bei gani, hayo hatuyaandiki, ingawa ndiyo maswali ambayo Munich waliyauliza kuhusu kocha wa timu ya 19.